Mkwe Asiyetukanwa

Wiki mbili kabla ya harusi ya Mfalme Rama, jirani yangu Harcharan alipanda ngazi kwenda juu ya paa la shangazi yake akiwa na pakiti ya ladu, vile vitamu vya duara, mkononi. Nilimwona nikiwa barazani kwangu, nikajua ana shida. Harcharan ni fundi wa vilemba mwenye jina. Watu humpelekea yeye ladu. Yeye hampelekei mtu.

"Kaka Balkishan," aliniita, "njoo unisindikize. Wewe ukiwepo hatanirushia kitu."

Nilikwenda kwa kuwa ni jirani, na pia kwa kuwa nilitaka kuona kitakachorushwa.

Shangazi Rampyari alikuwa ameketi juani anakata tambuu. Mumewe, Mzee Halke, alikuwa pembeni yake amejifunika blanketi. Mzee Halke ni kiziwi. Wenye umri wangu wanakumbuka kwamba uziwi huo ulimwanza mwaka aliooa, na daktari mpaka leo hajajua chanzo chake.

"Shangazi," Harcharan alisema, akiweka ladu chini, "mwaka huu nakuomba upunguze kidogo."

"Nipunguze nini? Chumvi?"

"Mipasho."

Kisu kikasimama katikati ya jani la tambuu.

Hapa Kesargarh mfalme wetu ni mungu Rama mwenyewe. Askari humpigia saluti mlangoni pa hekalu asubuhi na jioni, na waziri akija anavua mkanda wa ngozi na kupanga foleni kama muuza maziwa. Basi kila mwaka, katika siku za baridi, mfalme huyo anaoa. Mji wote unagawanyika. Walio upande wa ikulu ni watu wa bwana harusi, na sisi tunaokaa nyuma ya bwawa, kwenye Lango la Janki, lenye jina la bibi harusi mwenyewe, ni watu wake. Msafara unatoka hekaluni na machela ya mungu, tarumbeta na farasi, unapita chini ya kuta za ikulu, unakuja langoni kwetu. Na juu ya lango, wanawake wa mtaa wetu wamekaa wanangoja, na kiongozi wao, kwa miaka yote ninayoikumbuka, ni Rampyari. Anayepita chini ya lango lile anapashwa. Bwana harusi mwenyewe hasalimiki. Kwa kuwa hadithi husema mama yake alimpata kwa kula wali wa maziwa uliobarikiwa, anaimbiwa kwamba huko kwao wanawake hula wali wa maziwa wakazaa watoto, sasa wanaume wa huko wana kazi gani?

"Watakuja wageni wangu," Harcharan alisema. "Wazazi wa yule kijana wa Kirti. Kutoka Bhopal."

"Najua. Baba anaitwa Ghanshyam. Amestaafu reli. Anapaka masharubu rangi, kichwa hapaki."

"Umejuaje?"

"Binamu ya muuza bangili anakaa mtaa wa pili kutoka kwao. Wiki nzima nimeshinda naye. Harcharan, mwanangu, nimemwandalia huyu bwana mambo! Sijawahi kuandaa mambo kama haya tangu harusi yako mwenyewe."

Harcharan alishika kichwa. Kirti ni mtoto wake pekee. Anafundisha hesabu huko Bhopal, na huko ndiko alikokutana na Pranav, mwalimu mwenzake. Alikuja nyumbani akamwambia baba yake bila kuzungukazunguka: ni huyu, la sivyo asiletewe mwingine. Wazazi wa Pranav walikuwa wanakuja kuona nyumba, kuona watu, na kusema ndiyo au hapana. Mwenzangu alikuwa hapati usingizi.

"Shangazi, hawa ni watu wa mjini. Wastaarabu. Si unakumbuka yule injinia wa barabara?"

Nilikumbuka mimi. Mji mzima unakumbuka. Yule injinia alipita langoni kwetu akapashwa kuhusu tumbo lake, akapanda gari akaenda zake, na barabara ya bwawani ikabaki na shimo mpaka leo. Tunaliita shimo la Rampyari. Mbuzi wawili wamezaliwa humo.

"Yule hakuwa mtu wa harusi," Rampyari alisema. "Alikuwa mpita njia."

"Nakuomba. Kwa ajili ya Kirti. Wengine wote wapashe, hata mimi nipashe. Ila mzee Ghanshyam akipita, nyamazeni. Au imbeni wimbo wa dini."

Shangazi aliweka kisu chini. Kisha akakunja jani la tambuu, akalitia mdomoni, akasema kwa sauti ya adabu ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Sawa, mwanangu. Sisi ni washamba. Akipita, tutanyamaza."

Harcharan alishuka ngazi akitabasamu. Mimi niliyeishi na mwanamke yule ukuta kwa ukuta sikutabasamu. Mtu akikukubalia haraka vile, na ladu zako asiziguse, kuna kitu.

Wageni walifika asubuhi ya siku ya harusi. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuwatembeza, kwa sababu nilikuwa mlinzi wa kuba za wafalme wa kale mpaka nilipostaafu, na historia ya mji huu naijua kichwani. Niliwapokea katika nyumba ya wageni iliyo upande wa ikulu. Mzee Ghanshyam alikuwa mrefu, amesimama wima kama nguzo ya taa, koti limepigwa pasi, kichwa cheupe na masharubu meusi kama lami. Mkewe Sushila alikuwa mwembamba, kimya, macho yanazunguka. Pranav alinishika miguu kwa heshima, akauliza Kirti yuko wapi, akaona haya, akauliza tena.

Niliwapeleka mtoni kwenye kuba. Mzee alitembea mikono nyuma, akitazama matai juu ya minara.

"Hawa ndege wanalipwa na serikali?" aliuliza.

"Wamekuwepo kabla ya serikali," nilimjibu.

"Na wafalme wamezikwa chini?"

"Hakuna aliyezikwa. Walichomwa pale ukingoni, majivu yakaenda na maji. Hizi ni kumbukumbu tu."

"Kumbe majumba yote haya, ndani hakuna mtu."

"Ndani kuna popo."

Alicheka, na nikaanza kumpenda. Kisha akasogea karibu yangu, akashusha sauti kama mtu anayeuliza habari ya siri.

"Bwana Balkishan. Leo kwenye msafara, mtu wa upande wa bwana harusi anapita wapi hasa?"

"Chini ya Lango la Janki. Lakini wewe, mzee, ukitaka, tunaweza kukupitisha njia ya nyuma, ukaepuka vumbi."

"Njia ya nyuma?" Alinitazama kama nimemtukana. "Mimi ni baba wa kijana. Nitapita langoni."

Alikwenda kununua kilemba cha rangi ya waridi, kama wanavyovaa watu wa bwana harusi, na alikataa kuvalishwa na muuzaji. Alirudi nacho mkononi akaomba Harcharan mwenyewe amfunge. Harcharan alimfunga kilemba kile mkunjo juu ya mkunjo, kikawa kizuri kuliko cha mungu. Mzee alijitazama kwenye kioo, akakunja ncha za masharubu kwa mate.

"Niko tayari," alisema, na sikuelewa yuko tayari kwa lipi.

Alasiri askari walipiga saluti, tarumbeta zikalia kila moja wimbo wake, na msafara ukatoka. Mimi na Harcharan tulikuwa tumesimama chini ya lango na sinia la kupokelea wageni. Juu yetu wanawake walijaa kama njiwa. Machela ya mungu ilikuja kwanza, ikapashwa ile ya wali wa maziwa, na makuhani wakacheka mpaka machela ikayumba. Nyuma yake akaja Lakhan, muuza mboga wa upande wa ikulu. Rampyari hakusubiri hata akanyage kivuli cha lango:

"Kaja Lakhan wa bamia, koti la kuazimia,
Vifungo akivitia, tumbo linamkimbia!"

Watu waliangua kicheko. Lakhan alifungua mikono kama mtu aliyevalishwa shada la maua, akazunguka ili walio nyuma waone tumbo lenyewe. Hata farasi wa bendi alipata haki yake:

"Farasi wenu mbavu ngazi, mkia umenyonyoka,
Amekuja kufanya kazi, au kwenu mmemchoka?"

Kisha akaja mzee Ghanshyam.

Alikuja taratibu, kifua mbele, kilemba kinawaka juani. Alipofika katikati ya lango alisimama. Akainua uso. Akashika sharubu la kulia, akalikunja. Akashika la kushoto.

Juu ya lango kukawa kimya. Si kimya cha watu wanaovuta pumzi waimbe. Kilikuwa kimya cha mtihani. Rampyari alikuwa amekunja mikono juu ya mapaja na kufumba macho kama mjane wa miaka sabini anayesali, na wanawake wote nyuma yake vilevile. Niliweza kusikia bendera ikipigapiga.

"Unaona?" Harcharan aliniambia kwa furaha. "Ametimiza. Heshima tupu."

Mzee alingoja. Akakohoa kidogo, kama mtu anayembishia mlango aliyelala. Hakuna. Kijana aliyekuwa nyuma yake alimsukuma kwa upole, akapita. Na mara tu alipopita, yule kijana akapata mpasho wake wa masikio.

Baada ya muda nikaona kilemba kile cha waridi kinakuja tena. Mzee alikuwa amezunguka nyuma ya bwawa, ameruka shimo la Rampyari na mbuzi wake, amejiunga na mkia wa msafara, na sasa anapita langoni mara ya pili, safari hii katikati ya wapiga ngoma. Mpiga ngoma wa kushoto alipashwa. Mpiga ngoma wa kulia alipashwa. Yeye, kimya.

"Anapenda sana lango letu," Harcharan alisema. "Ni mtu anayethamini majengo ya kale."

Nilimtazama jirani yangu. Nilimtazama mzee akienda, mabega yameshuka, kilemba sasa kimekaa kama mzigo.

Chakula kilikuwa nyumbani kwa Harcharan, uani, chini ya turubai. Mke wake na Kirti walikuwa wamepika tangu alfajiri: mikate ya puri ya kukaanga, viazi vya bizari, mchuzi wa maziwa ya mgando, wali wa maziwa wenye zafarani. Wageni waliketi mstari mmoja, kila mtu na sahani yake ya majani mbele yake. Wanawake wa mtaa walikuwa juu ya paa kama desturi, maana huku kwetu watu wa bwana harusi wakila ndipo mipasho inapokolea, na Rampyari alikuwa mbele yao anatafuna tambuu, anatazama mawingu.

Puri zilikuja zimefura. Mzee Ghanshyam alizitazama. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti. Ikabaki pale.

Mkewe alimwona, naye akaondoa mkono kwenye sahani. Pranav, aliyekuwa tayari ana kiazi mdomoni, alikimeza kizima.

"Kula, mkwe," Harcharan alisema. "Chumvi haikukolea?"

"Chumvi ni nzuri bila shaka, Bwana Harcharan."

Bwana. Asubuhi alikuwa anamwita ndugu.

"Basi ni bizari?"

"Bizari haina makosa. Nawashukuru sana kwa heshima mliyotupa. Tutaondoka na gari moshi la jioni." Alianza kufungua kilemba, mkunjo mmoja mmoja, kwa uangalifu wa mtu anayerudisha kitu cha kuazima.

Kirti alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, upawa mkononi, mchuzi unadondoka juu ya mguu wake na yeye hausikii. Hakulia. Alimtazama Pranav tu, na Pranav akatazama sahani.

Harcharan alinishika mkono akanivuta nyuma ya mtungi wa maji. "Kaka, nimekosea wapi? Nimewapa chumba chenye maji moto. Nimefunga kilemba bure. Nimewanyamazisha mpaka shangazi na wenzake! Muulize wewe. Mimi nikimuuliza nitalia."

Nilirudi nikachuchumaa mbele ya mzee. Nilimuuliza waziwazi, kwa sababu umri wangu unaniruhusu.

"Mzee mwenzangu, tuambie tu. Binti hakukupendeza?"

"Binti?" Macho yake yalikuwa yamelowa. "Binti ni dhahabu. Tatizo ni kwamba ninyi hamtutaki."

"Nani kasema?"

"Nani hakusema!" Sauti yake ilipanda, na Kihindi chake cha ofisi ya reli kikamtoka chote, kikabaki kile cha kijijini, cha huku kwetu kabisa. "Mimi nimezaliwa ng'ambo ya mto huu, bwana. Siku ya harusi yangu, wanawake wa kwa mke wangu walimpasha baba yangu kutoka machweo mpaka akashikwa na kwikwi. Mpaka anakufa alikuwa anaisimulia siku hiyo. Miaka thelathini niko Bhopal, harusi za hotelini, watu wanapeana kadi na kupigwa picha, hakuna anayekuambia hata kwamba una pua. Nikasema, mwanangu anaoa Kesargarh. Nitapashwa kama baba yangu. Nimepaka masharubu rangi! Unadhani mtu mzima anapaka rangi masharubu tu, kichwa akakiacha, kwa ajili gani? Niliwaachia pa kuanzia!"

Hakuna aliyethubutu kucheka.

"Nimesimama langoni. Kimya. Nikasema labda hawakuniona. Nimezunguka, nimepita tena. Muuza bamia katukanwa. Wapiga ngoma wametukanwa. Farasi katukanwa, bwana! Farasi! Mimi nimeheshimiwa kama mkaguzi wa kodi. Basi tumeelewa. Anayeheshimiwa hivyo ni mgeni, na mgeni hurudi kwao." Akaweka kilemba juu ya sahani, juu ya puri.

Nilimgeukia Harcharan. Alikuwa amesikia yote. Uso wake ulikuwa na rangi ya wali wa maziwa.

Alikimbilia chini ya paa. "Shangazi! Shangazi, imba!"

Rampyari alitazama chini. "Nani?"

"Wewe! Imba chochote! Masharubu!"

"Aa, mwanangu. Koo langu limestaarabika. Tangu wiki mbili sasa ni nyimbo za dini tu." Akageukia wanawake. "Tuanze ule wa kusifu mto?"

"Shangazi, nakushika miguu!"

"Miguu yangu iko huku juu."

"Mtoto ataharibikiwa!"

"Mimi ni mshamba, nitajuaje mambo ya wastaarabu?" Lakini niliona jicho lake lilikwenda kwa Kirti mlangoni, likarudi haraka. "Unataka mkwe wako apashwe? Mpashe. Si mdomo unao? Wiki mbili zilizopita ulikuwa unafanya kazi vizuri."

Sasa, huku kwetu mwanamume haimbi mipasho ya harusi. Haijawahi kutokea. Ni sawa na mwanamume avae bangili akateke maji kisimani. Harcharan alitazama kulia, akaona majirani. Alitazama kushoto, akaona makuhani wawili waliokuja kula. Kisha akamtazama binti yake, na upawa ule unaodondoka.

Akajifuta jasho. Akasimama mbele ya mzee Ghanshyam, akaunganisha viganja kwa heshima, akaimba kwa sauti ya mlango usiotiwa mafuta:

"Ewe Mheshimiwa Ghanshyam, karibu kwetu nyumbani,
Masharubu yako, samahani... yanafanana, kwa idhini yako... na... na ya mtu fulani."

Nilifumba macho. Nilipofumbua, mzee alikuwa ameinua kichwa.

"Ya mtu gani?" aliuliza.

"Bado nafikiri," Harcharan alisema, machozi yanamtoka.

"Endelea, basi. Usiniachie njiani."

"Na tumbo lako, ambalo kwa kweli ni la kiasi..."

"La kiasi!" Sauti ilipasuka kutoka juu ya paa. Rampyari alikuwa amesimama, sari imefungwa kiunoni, tambuu ameitema. "La kiasi! Mungu wangu, anaiua kazi! Anaichinja mbele ya watu! Ondoka hapo, fundi wa vitambaa, kabla mababu zetu hawajasikia! Dada zangu, ngoma!"

Ngoma ikaanguka kama mvua ya mawe:

"Masharubu meusi ti, kichwani mvi zajaa,
Rangi ilikwisha kati, au ngazi ilikataa?"

Mzee Ghanshyam alipigwa na mpasho ule kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto siku ya baridi. Mwili wote ulilegea. Alinyanyua kilemba juu ya puri, akajitia kichwani kikiwa kimejaa mafuta, akaguna, "Eee, mama yangu."

"Aoga maji kikombe, sabuni aipitisha,
Akitoka hata ng'ombe, njiani humpisha!"

"Nani amemwambia?" mzee alipiga kelele kwa furaha. "Ni kweli! Sushila, ni wewe uliyesema?"

Rampyari hakumpa nafasi ya kupumua. Alimpasha kwa viatu vyake, kwa alivyokuwa akipuliza filimbi ya gari moshi usingizini, kwa alivyozunguka bwawa kuja kuomba matusi kama mtu anayepanga foleni ya mafuta ya taa. Wiki mbili za maandalizi zilitoka zote. Na mzee alikula. Alikula puri baada ya puri, akitikisa kichwa, akisonga, akipigwa mgongoni na mwanawe, na kila mpasho ukiisha anainua kidole kuomba mwingine, kama anavyoomba wali.

Katikati ya hayo, wakati wa ule wa filimbi, kicheko kikavu kilitoka juu ya paa, nyuma kabisa. Blanketi lilikuwa linatikisika. Rampyari aligeuka polepole.

"Halke," alisema. "Umecheka nini?"

Mzee Halke alinyamaza. Akaweka mkono sikioni. "Ati?"

"Nitashughulika na wewe baadaye," alisema mkewe, na niliona kwamba mzee yule alisikia hilo vizuri kabisa.

Lakini ndiyo au hapana ilikuwa bado haijasemwa. Harcharan alikuwa amekaa chini kando ya mtungi, anangoja. Kirti vilevile. Mzee Ghanshyam alinawa mikono, akafuta masharubu kwa uangalifu, akamtazama mkewe. Huko kwao, kumbe, mwenye neno ni mke.

Mama Sushila hakuwa amefungua mdomo tangu asubuhi. Alisimama. Alinyoosha ukingo wa sari yake, akainua uso kuelekea paa, na sauti iliyotoka katika mwili ule mwembamba ilinifanya niangalie nyuma yake kama kuna mwingine:

"Binti yenu twachukua, twawaachia shangazi,
Kinywa akikifungua, mbwa wenu hawana kazi!"

Wanawake juu ya paa walitazamana. Katika maisha yangu yote hakuna aliyewahi kumjibu Rampyari, wala mimi, wala injinia, wala serikali.

Rampyari aliegemea ukingo wa paa akamtazama mama Sushila toka utosini hadi vidoleni, kama anavyokagua bilingani sokoni.

"Umesema 'twachukua'," alisema.

"Nimesema."

"Mbele ya mashahidi?"

"Mbele ya mbwa na wewe."

"Harcharan!" shangazi aliita bila kumwondolea macho mgeni. "Lete ladu nyingine, sasa nitazila. Na huyu mwanamke mpandishe huku juu, akae karibu yangu. Harusi ni lini?"

"Tutaangalia siku njema," Harcharan alisema, akiinuka.

"Isiwe kabla ya mwezi wa pili. Huyu baba nimemmaliza, nahitaji kuanza upya. Na huyu," alimwonyesha mama Sushila, "huyu peke yake ni kazi ya majuma."

Mama Sushila alikuwa tayari ameshika ngazi, anapanda. Kirti alipita mbele ya watu wote, upawa bado mkononi, akaenda kumwongezea Pranav wali wa maziwa kwenye sahani. Alimwongezea mpaka ukamwagika, na mzee Ghanshyam alikuwa anamvuta Harcharan pembeni.

"Ndugu yangu," nilimsikia akimwambia, mkono begani. "Ule wako wa kwanza. Hayo masharubu yanafanana na ya nani?"

"Sijui bado, mkwe."

"Una mpaka mwezi wa pili. Fikiri."